Timazi na Lenzi: Namna ya Kusahihisha Mpotoko wa Taswira

UTANGULIZI

Mwashi anapotaka kujua kama ukuta wake umesimama wima haliamini jicho lake peke yake, huning'iniza timazi. Uzi uliofungwa jiwe au kipande cha risasi mwishoni hunyooshwa na uzito, na hakuna ukuta uwezao kubishana nao. Basi uzi huo ukipigwa picha kwa kamera yenye lenzi ya kuona mapana, nao ukaonekana katika picha umejikunja kama upinde, hakuna haja ya kuushuku uzi. Kilichopinda ni taswira, na kilichoipinda ni lenzi.

Kwa mtu apigaye picha ya arusi, kupinda huko ni jambo dogo. Lakini picha nyingi za siku hizi hupigwa ili zipimwe. Mpima ardhi husoma mipaka ya mashamba katika picha zilizopigwa kutoka angani. Mhandisi hufuata upana wa ufa katika nguzo ya daraja. Mtaalamu wa misitu hukadiria eneo la miti iliyokatwa. Katika kazi kama hizo nukta iliyohama mahali pake ni kipimo cha uongo. Itaonyeshwa hapa chini kwamba lenzi inayoihamisha nukta kwa asilimia 3 tu yaweza kulifanya shamba la hekta 10 lisomeke kuwa la hekta 8.8.

Makala haya yanaeleza mpotoko wa taswira hutokana na nini, hupimwaje, na husahihishwaje, kwanza katika lenzi ya kamera, kisha katika vyombo ambavyo mwale mmoja wa mwanga hufagia uso wa kitu mstari baada ya mstari. Hesabu zinazotumika hazizidi zile zifundishwazo katika shule za sekondari, na majaribio yaliyopendekezwa yanaweza kufanywa kwa vifaa vya bei ndogo.

MPOTOKO NI NINI?

Lenzi kamilifu ingefanya mambo mawili: kila nukta ya kitu kinachotazamwa ingetoa nukta moja katika taswira, na umbo la taswira lingefanana na umbo la kitu. Lenzi halisi haifikii ukamilifu huo. Katika miaka ya 1850 mwanahisabati Mjerumani, Ludwig von Seidel, alizigawa kasoro za lenzi kwa mwanga wa rangi moja katika mafungu matano. Mafungu manne ya kwanza yana tabia moja: nukta ya kitu, badala ya kuwa nukta juu ya bamba la picha, huwa doa, au mkia, au ukungu. Fungu la tano ndilo mpotoko, nalo lina tabia ya peke yake. Nukta hubaki nukta, kali na safi, ila imetua mahali pasipo pake.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa somo hili. Panapokuwa na ukungu, habari za nukta mbili jirani zimechanganyika, na kuzitenganisha tena ni kazi ngumu. Panapokuwa na mpotoko, hakuna habari iliyopotea. Kila nukta ipo, ila imehamishwa. Mfano wake ni darasa ambalo wanafunzi wote wamehudhuria lakini wameketi kwenye madawati ya wenzao. Mwalimu akijua kanuni waliyoifuata katika kuhama, aweza kumrudisha kila mmoja mahali pake.

Mpotoko una sura mbili kuu. Ikiwa sehemu za pembeni za taswira zimekuzwa kidogo kuliko sehemu za katikati, mraba hutokeza ubavu nje, ukawa kama pipa lililotazamwa kwa ubavuni. Huu huitwa mpotoko wa pipa. Ikiwa sehemu za pembeni zimekuzwa zaidi kuliko za katikati, pembe za mraba huvutwa nje na kingo zake huingia ndani, kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani kwa vigingi vinne. Huu waweza kuitwa mpotoko wa ngozi. Katika sura zote mbili, mstari ulionyooka unaopita katikati kabisa ya taswira hubaki umenyooka. Mistari mingine yote hupinda, na kadiri mstari ulivyo mbali na katikati ndivyo upindavyo zaidi.

CHANZO CHAKE

Kanuni ya lenzi inayofundishwa shuleni ni sahihi kwa miale ipitayo karibu na mhimili mkuu. Miale ipitayo karibu na ukingo wa lenzi iliyonenepa katikati hukunjwa zaidi kuliko kanuni hiyo inavyotabiri. Lakini ukunjaji huo wa ziada hauelezi peke yake kwa nini mraba uwe pipa wala kwa nini uwe ngozi. Jibu liko kwenye tundu, yaani kizuizi chenye kitobo kinachochagua ni miale ipi itakayopita.

Mwanafunzi achore mhimili, lenzi moja ya kukusanya miale, na kizuizi chenye tundu dogo mbele ya lenzi, upande wa kitu. Mwale utokao kwenye nukta iliyo chini ya mhimili hupanda, hupita katika tundu, na kuigonga lenzi karibu na ukingo wa juu. Hapo hukunjwa kupita kiasi kuelekea mhimili, na hivyo hutua karibu mno na katikati ya taswira. Kwa kuwa nukta za mbali huathirika zaidi kuliko za karibu, matokeo yake ni pipa. Sasa kizuizi kihamishiwe nyuma ya lenzi. Mwale utokao kwenye nukta iliyo juu ya mhimili huigonga lenzi karibu na ukingo wa juu, hukunjwa kupita kiasi, huvuka mhimili kwenye tundu na kuendelea chini kwa mteremko mkali mno. Hutua mbali kupita inavyostahili, na matokeo yake ni ngozi.

Kutokana na maelezo haya, dawa ya kwanza inajitokeza yenyewe. Ziwekwe lenzi mbili zinazofanana, moja mbele na moja nyuma, na tundu liwe katikati yao. Kwa lenzi ya mbele, tundu liko nyuma. Kwa lenzi ya nyuma, tundu liko mbele. Ya kwanza huvuta pembe nje na ya pili huzirudisha ndani. Mwaka 1866 J. H. Dallmeyer huko London na Steinheil huko Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walitoa lenzi za picha zilizojengwa kwa ulinganifu wa namna hii, na wapiga picha wa majengo wakapata nguzo zilizosimama wima. Ufutano huo ni kamili pale tu taswira inapokuwa na ukubwa sawa na kitu. Katika umbali mwingine hubaki salio dogo.

Hata hivyo dawa ya lenzi ina gharama. Kadiri kamera inavyotakiwa kuona mapana zaidi, ndivyo vipande vya lenzi vinavyoongezeka, na pamoja navyo uzito na bei. Ndiyo sababu kamera ndogo nyingi za sasa huruhusu mpotoko ubaki katika lenzi, kisha huuondoa kwa hesabu. Ili hesabu ifanyike, lazima kwanza mpotoko upimwe.

KUPIMA KWA TIMAZI

Umbali sahihi wa nukta kutoka katikati ya taswira, yaani ule ambao lenzi isiyo na mpotoko ingeutoa, uitwe u. Umbali unaoonekana katika picha uitwe v. Kwa lenzi nyingi, kanuni ifuatayo inatosha kwa makadirio ya kwanza:

v = u (1 + k u²)

Herufi k ni namba ya lenzi yenyewe. Ikiwa k ni hasi, nukta za mbali huvutwa ndani, na mpotoko ni wa pipa. Ikiwa k ni chanya, mpotoko ni wa ngozi. Ikiwa k ni sifuri, hakuna mpotoko. Tatizo zima la upimaji ni kuipata namba hiyo moja. Kazi za usahihi mkubwa huongeza vipeo vya u⁴ na u⁶, lakini njia ni ile ile.

Mtu aweza kudhani kwamba ili kuipata k ni lazima kujua kwa usahihi kila nukta ya kitu ilipo. Mwaka 1971 mtaalamu wa upimaji kwa picha, Duane Brown wa Marekani, alichapisha njia isiyohitaji hayo. Alipiga picha nyuzi za timazi. Hakuhitaji kujua nyuzi hizo ziko umbali gani wala zimeachana kiasi gani. Alihitaji kujua jambo moja tu, kwamba zimenyooka. Lenzi isiyo na mpotoko hutoa taswira iliyonyooka ya kila mstari ulionyooka. Basi kupinda kokote kunakoonekana katika picha ni kazi ya lenzi, na kiasi cha kupinda ndicho kipimo chake.

Hesabu yake si ngumu. Uchukuliwe uzi mmoja wima ambao taswira yake ingekuwa umbali d kutoka katikati ya picha. Nukta ya katikati ya uzi iko umbali d, nayo huhamia d (1 + k d²). Nukta ya mwisho wa uzi iko kimo h juu ya ile ya katikati. Mraba wa umbali wake kutoka katikati ya picha ni d² + h², kwa hiyo sehemu yake ya mlalo huhamia d (1 + k d² + k h²). Tofauti ya mlalo kati ya mwisho wa uzi na katikati yake, iitwe s, ni

s = k d h², na kwa hiyo k = s ÷ (d h²)

Mfano. Katika picha iliyochapwa, uzi uko milimita 80 kutoka katikati, na nusu ya urefu wake ni milimita 60. Rula ikiwekwa kuunganisha ncha zake mbili, tumbo la uzi linaonekana limetokeza nje kwa milimita 1. Maana yake ncha zimeingia ndani kwa milimita 1, na s ni −1. Basi

k = −1 ÷ (80 × 3600) = −0.00000347 kwa kila milimita mraba.

Kwenye pembe ya picha, umbali sahihi u ni milimita 100. Hapo k u² ni −0.0347, na nukta imevutwa ndani kwa milimita 3.5. Yaani kupinda kwa milimita 1, ambako jicho lingekupuuza, kunaficha kosa kubwa zaidi ya mara tatu.

KUSAHIHISHA KWA HESABU

Baada ya kuipata k, kazi iliyobaki ni kugeuza kanuni: v inajulikana, inatafutwa u. Mlinganyo una kipeo cha tatu, lakini hakuna haja ya kuufungua kwa nguvu. Uandikwe hivi:

u = v ÷ (1 + k u²)

Kisha ukadiriwe kwa kurudiarudia. Nukta iliyoonekana umbali wa milimita 96.5 ndiyo ichukuliwe. Kadirio la kwanza la u liwe 96.5, upande wa kulia unatoa 99.72. Namba hiyo irudishwe ndani, hutoka 99.95. Irudishwe tena, hutoka 99.97. Kwa hatua tatu nukta imerudi mahali pake, na kosa lililobaki ni dogo kuliko unene wa mstari wa kalamu.

Kompyuta hufanya kazi hii kwa kila pikseli, lakini kwa hila moja inayostahili kuelezwa. Kama ingechukua kila pikseli ya picha mbovu na kuisogeza mahali pake, sehemu za picha mpya zingebaki na mashimo, kwa sababu pembeni picha imetanuka na pikseli hazitoshi. Kwa hiyo huenda kinyume. Huanza na karatasi tupu ya picha mpya, na kwa kila pikseli tupu huuliza: katika picha mbovu, nukta hii ilikuwa wapi? Jibu hupatikana moja kwa moja kutokana na v = u (1 + k u²), bila kurudiarudia. Aghalabu mahali hapo huangukia kati ya pikseli nne, na thamani ya mwanga hukadiriwa kutokana na hizo nne, ya karibu ikihesabiwa zaidi kuliko ya mbali.

Sasa lirudiwe lile shamba la hekta 10. Lichukuliwe kuwa katika picha liko milimita 93 kutoka katikati, ambapo k u² ni −0.03. Vipimo vyake vinavyozunguka katikati hupungua kwa asilimia 3. Lakini vipimo vinavyoelekea katikati hupungua zaidi. Mwenye kujua hisabati ya mabadiliko ataona kwamba badiliko la v kwa u ni 1 + 3k u², yaani 0.91. Eneo hubadilika kwa zao la hizo mbili: 0.97 × 0.91 = 0.88. Hekta 10 zimekuwa hekta 8.8, na mwenye shamba amenyang'anywa hekta 1.2 bila mtu yeyote kuhamisha jiwe la mpaka. Jirani ambaye shamba lake limeangukia katikati ya picha hakupungukiwa na kitu. Kosa la namna hii ni la hatari kwa sababu haliwapati wote sawasawa, na picha yenyewe haionyeshi dalili yoyote ya ukungu.

MWALE UNAOFAGIA

Vyombo vingi havipokei taswira nzima kwa mara moja. Katika printa ya leza, ambayo Gary Starkweather wa kampuni ya Xerox aliiendeleza mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwale mmoja wa leza hugonga kioo chenye pande nyingi kinachozunguka kwa kasi isiyobadilika. Kila upande wa kioo upitapo, mwale hufagia mstari mmoja, huku ukiwashwa na kuzimwa kuandika nukta nyeusi na nyeupe. Skana zinazosoma alama za bei madukani hufuata kanuni hiyo hiyo.

Hapa mpotoko huingia hata kabla ya lenzi kuwekwa. Mwale ukigeuka kwa pembe θ kutoka katikati, na uso bapa unaopokea uko umbali L, doa la mwanga hutua umbali wa L tan θ. Pembe huongezeka sawasawa kwa wakati, lakini tanjenti haiongezeki sawasawa. Jedwali lifuatalo limehesabiwa kwa L ya milimita 300. Safu ya pili ni mahali doa lilipo. Safu ya tatu ni mahali ambapo lingekuwa kama lingetembea kwa mwendo wa namna moja, yaani L mara θ, pembe ikipimwa kwa radiani.

Pembe (digrii) — Mahali lilipo (mm) — Mahali panapotakiwa (mm)
5 — 26.2 — 26.2
10 — 52.9 — 52.4
15 — 80.4 — 78.5
20 — 109.2 — 104.7
25 — 139.9 — 130.9
30 — 173.2 — 157.1

Kwenye digrii 30 doa limepitiliza kwa milimita 16. Zaidi ya hayo, kasi yake ni Lω ÷ cos²θ, ambapo ω ni kasi ya kugeuka kwa mwale. Kwa digrii 30, cos²θ ni 0.75, kwa hiyo doa hukimbia pembeni kwa kasi ya mara 1.33 kuliko katikati. Herufi za pembeni mwa ukurasa zingekuwa pana kwa theluthi moja zaidi, tena hafifu, kwa kuwa mwanga haukukaa juu yake kwa muda uliotakiwa.

Njia mbili za kusahihisha hutumika. Ya kwanza ni kubadili saa inayotoa nukta: pembeni, ambako doa hukimbia, nukta zitolewe haraka zaidi. Njia hii hurudisha nukta mahali pake, lakini peke yake haiondoi tofauti ya mwanga. Njia ya pili ni kuweka lenzi kati ya kioo na uso unaopokea. Lenzi ya kawaida isiyo na mpotoko, ikiwa na urefu wa fokasi f, hupeleka doa kwenye f tan θ, yaani kosa lile lile. Inayohitajika ni lenzi itakayopeleka doa kwenye f mara θ. Lenzi inayozivuta nukta za mbali ziingie ndani kwa kiasi kilichohesabiwa. Msomaji atatambua mara moja kwamba hiyo ni lenzi yenye mpotoko wa pipa. Kasoro ambayo wapiga picha wa karne ya kumi na tisa walihangaika kuiondoa hutiwa makusudi katika lenzi za kufagia, ili ipambane na kasoro ya tanjenti na zote mbili zitoweke.

KUFAGIA DUNIA KUTOKA ANGANI

Mfano mkubwa wa chombo cha kufagia ni setilaiti ya Landsat 7 ya Marekani, iliyorushwa mwaka 1999. Picha za mfululizo wa Landsat zimetumika sana Afrika Mashariki katika uchoraji wa ramani, na Nairobi kumekuwa na kituo cha kikanda cha kazi hiyo tangu mwaka 1975. Landsat 7 iliruka kilomita 705 juu ya Dunia. Kioo kilichoyumba kulia na kushoto kilifagia ukanda wenye upana wa karibu kilomita 185, na kila mfagio ulichukua kwa pamoja mistari 16 ya pikseli zenye upana wa mita 30, yaani mita 480 za ardhi.

Kwanza, ile kasoro ya tanjenti. Pembe ilikuwa ndogo, karibu digrii 7.5 kila upande. Hata hivyo, bila kuhesabu mviringo wa Dunia, tofauti kati ya 705 tan θ na 705 mara θ ni karibu nusu kilomita, au pikseli 17 hivi.

Pili, Dunia yenyewe huzunguka. Kivuli cha setilaiti kilitembea juu ya ardhi kwa karibu kilomita 6.7 kwa sekunde, na picha yenye urefu wa kilomita 180 ilihitaji sekunde 27. Kwenye Ikweta, inayopita sehemu ya kaskazini ya Ziwa Viktoria, ardhi huenda mashariki kwa mita 465 kila sekunde. Kwa hiyo mstari wa mwisho wa picha uliangukia karibu kilomita 12.5 magharibi zaidi ya ule wa kwanza. Mistari ikipangwa tu mmoja chini ya mwingine, ufuko wa ziwa hupogoka. Dawa yake ni kukisogeza kila kikundi cha mistari kuelekea magharibi kwa kiasi kinachojulikana, na ndiyo maana picha hizo zikisahihishwa huwa na umbo la msambamba, wala si mstatili.

Tatu, wakati kioo kikifagia, setilaiti haikungoja. Mfagio mmoja pamoja na kugeuka kwa kioo ulichukua karibu sekunde 0.071, na kwa muda huo setilaiti ilisonga mbele mita 480 hivi, ambazo ndizo upana wa mistari 16. Kwa kuwa kioo kilifagia kwenda na kurudi, njia zake juu ya ardhi zingekuwa za pembepembe kama mshono wa zigizaga: upande mmoja zikikutana na kupandiana, upande wa pili zikiacha pengo. Ili kuzuia hayo, chombo kilikuwa na jozi ya vioo vidogo vilivyorudisha nyuma mwono wake kwa kiasi kile kile setilaiti ilichosonga mbele, mistari ikawa sambamba.

Tarehe 31 Mei 2003 kirekebishi hicho kiliharibika, na hakikupona. Tangu siku hiyo karibu asilimia 22 ya kila picha ilikosekana. Ukanda wa katikati wenye upana wa kilomita 22 hivi ulibaki mzima, lakini pande zote mbili picha ilijaa mapengo yaliyozidi kupanuka kuelekea ukingoni. Hesabu ya pikseli zilizopatikana iliendelea kuwa sahihi. Ziliweza kuwekwa mahali pake kama kawaida. Lakini penye pengo hapakuwa na cha kusahihisha, kwa sababu mwanga wa sehemu hizo haukuwahi kuingia katika chombo. Wataalamu walijaza mapengo kwa picha za siku nyingine, wakijua kwamba shamba la tarehe nyingine huenda limekwisha vunwa. Landsat 8 ya mwaka 2013 na Landsat 9 ya mwaka 2021 zilijengwa bila kioo cha kuyumba kwa ajili ya picha za mwanga. Safu ndefu ya vipokezi huona upana wote kwa mara moja.

MAJARIBIO

1. Karatasi ya grafu itazamwe kwa lenzi ya kukuzia, lenzi ikiwa juu ya karatasi na jicho likiwa sentimita 20 hivi nyuma ya lenzi. Lenzi iinuliwe polepole, bila taswira kupinduka. Miraba ya pembeni itaonekana imevutwa kama ngozi ya kuwambwa. Mwanafunzi aeleze ni kitu gani hapa kinachofanya kazi ya tundu, na kiko upande gani wa lenzi.

2. Nyuzi tano zining'inizwe kwenye ufito, kila moja ikiwa na jiwe, mbele ya ukuta mweupe, mahali pasipo upepo. Zipigwe picha kwa kamera au simu, nyuzi za mwisho zikiwa karibu na kingo za picha. Picha ikichapwa, s ipimwe kwa rula na k ihesabiwe. Simu nyingi huwa zimekwisha kusahihisha picha kabla ya kuionyesha, na nyuzi zaweza kuonekana zimenyooka kabisa. Hilo nalo ni jibu. Hapo picha ipigwe tena kupitia kitobo cha kuchungulia cha mlangoni, ambacho hutoa pipa la wazi.

3. Kioo kidogo bapa kisimamishwe katikati ya kipimapembe, na mwale wa kalamu ya leza uelekezwe kwake kiasi kwamba uakisiwe kwenye ukuta ulio mita 1 mbele. Kioo kigeuzwe kwa hatua za digrii 2.5, mwale utageuka kwa digrii 5 kila hatua. Alama za ukutani zilinganishwe na tanjenti. Mwalimu ahakikishe kwamba hakuna anayeutazama mwale au mwakisiko wake.

HITIMISHO

Mpotoko wa taswira ni kosa lenye utaratibu. Kwa kuwa hufuata kanuni, hupimwa kwa kitu ambacho umbo lake linajulikana, na kinachopimika kinaweza kurudishwa nyuma, iwe kwa lenzi ya pili, kwa saa ya nukta, kwa vioo vidogo au kwa hesabu. Lakini usahihishaji hurudisha mahali, hauumbi habari. Pembe ya picha ya pipa ikitanuliwa haipati pikseli mpya, na pengo la Landsat 7 halikuzibwa na mlinganyo wowote. Kwa hiyo anayepokea picha kwa ajili ya kupima anapaswa kuuliza maswali mawili kabla ya kushika rula: je, chombo hiki kimepimwa kwa kitu gani kilichonyooka? Na je, kila ninachokiona hapa kilionwa kweli na chombo?

MASWALI

1. Uzi ulio milimita 60 kutoka katikati ya picha, wenye nusu urefu wa milimita 50, umeingiza tumbo ndani kwa milimita 0.6. Tafuta k, na useme mpotoko ni wa sura gani.

2. Kwa kutumia k ya swali la 1, nukta iliyo umbali sahihi wa milimita 90 itaonekana wapi?

3. Setilaiti ikipita latitudo ya digrii 60, ardhi huenda mashariki kwa nusu ya kasi ya Ikweta. Eleza kwa nini, kisha hesabu msogeo wa mstari wa mwisho wa picha ya sekunde 27.

4. Eleza kwa nini mstari unaopita katikati ya picha hauwezi kutumiwa kupimia mpotoko.